Barua ya wazi kwa TFF na Bodi ya Ligi: video mnayomfungia nayo refa, mpeni aione akiwa bado uwanjani

Shikamooni viongozi wetu wa TFF (shirikisho letu la mpira), Bodi ya Ligi, Kamati ya Waamuzi, na nyie wa wizarani mnaosimamia michezo. Mimi ni shabiki wa kawaida tu niko Mbeya, naenda Sokoine nikipata nafasi na mechi nyingine naangalia kwenye king'amuzi, timu ninayoshabikia siitaji humu maana nikiitaja tu nusu ya watu wataacha kusoma hapo hapo, na hili jambo halina timu, linatugusa wote kuanzia Wananchi (Yanga) na Mnyama (Simba) mpaka zile timu ambazo zikicheza mkoani mashabiki wanajaa jukwaa moja tu.

Nianze na kamati ya saa 72. Kila baada ya mizunguko kadhaa tunasoma taarifa kwamba kamati hiyo, yaani Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, imekaa, imepitia matukio, na mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko mitatu au mitano kwa kosa la kushindwa kutafsiri vyema sheria za mpira wa miguu. Sawa, hatukatai. Ila mmejuaje kama kashindwa? Si mmeangalia video. Mmekaa mezani mmerudisha nyuma, mmesimamisha picha, mmeangalia upande huu na upande ule, mkaona kweli ile ilikuwa penalti. Yaani video ipo, kamera ilikuwepo, tukio lilirekodiwa vizuri tu, ila mtu pekee ambaye hiyo video ingemsaidia kufanya uamuzi sahihi pale pale hakupewa, akaja kuoneshwa siku tatu baadae kama ushahidi dhidi yake. Na timu iliyonyimwa penalti inabaki na pointi yake moja, haibadiliki, mwishoni mwa msimu inashuka daraja kwa pointi mbili na wachezaji wanatafuta pa kwenda. Refa kaadhibiwa, timu imeadhibiwa, aliyepona ni nani sasa?

Hilo ndo ninaloliomba kwenye barua hii yote, ile video mpeni refa aione wakati bado ina faida.

Kuna mechi moja nilikuwa jukwaani, ikapigwa krosi, beki akaruka mkono juu, mpira ukabadilika njia, wachezaji wote wa timu pinzani wakamkimbilia refa, refa akaonesha mpira uendelee. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameiweka mechi kwenye simu, na mnajua matangazo ya kwenye simu yanachelewa kama nusu dakika nyuma ya uwanja, kwahiyo tukainama pale watu saba nane tukalisubiri tukio lije, likaja, marudio yakaoneshwa, mkono umeachana kabisa na mwili na mpira umegonga kiganja. Ndani ya dakika moja jukwaa zima linajua. Mchezaji wa akiba aliyekuwa anapasha misuli pembeni akaoneshwa na mtu kwenye uzio, akaenda kumwambia kocha wake, benchi likasimama lote, mwamuzi wa akiba akawa na kazi ya kuwazuia wasivuke mstari. Refa yeye yuko upande wa pili anakimbia na mpira, hajui chochote, na hata angetaka kujua sheria haimruhusu kwenda kuangalia simu ya mtu wala skrini ya mtangazaji. Watu elfu kadhaa wanajua ukweli na mwenye filimbi ndo hajui. Alivyopuliza filimbi ya mwisho alitoka na polisi.

Sasa najua mtasema VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, inakuja. Tumeisikia hiyo, mwaka 2024 ilifika mpaka kwenye hotuba ya bajeti ya Serikali na vifaa vya VAR vikaondolewa VAT, na kwa hilo nawapongeza waliolipigania kwa sababu ni hatua ya maana. Lakini naomba tuelewane VAR ni kitu gani. Siyo tivii moja pembeni ya uwanja. VAR kamili inataka chumba chake, inataka mwamuzi wa video na msaidizi wake waliosomea kazi hiyo, mtaalamu wa kurudisha picha ambaye naye amefunzwa, kamera nyingi, mawasiliano yasiyokatika, na zile laini za kuotea zinazochorwa na kompyuta hazikubali mpaka kila kamera isetiwe kwa vipimo vya uwanja ule ule unaochezewa. Na FIFA wana utaratibu wa kuikagua ligi na kuiidhinisha kwanza, waamuzi wanafanya mazoezi mengi kabla ya mechi ya kwanza halali. Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, hii inawezekana na tumeshaiona kwa macho yetu, CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 imechezwa Mkapa na Amaan Zanzibar na VAR ilikuwepo. Ila ligi yetu siyo Mkapa. Ligi yetu ni timu 16, mechi 240 kwa msimu, na imekuwa ikichezwa Kaitaba Bukoba, Sokoine, Lake Tanganyika Kigoma, Majaliwa kule Ruangwa, Liti Singida, Kwaraa Babati. Mkiweka VAR kwenye dabi ya Kariakoo na mechi chache za Dar halafu hao wengine waendelee na macho matupu mtakuwa mmetengeneza ligi mbili ndani ya ligi moja, kwamba rafu ile ile Dar ni penalti kwa sababu refa ameiona kwenye skrini na Bukoba siyo penalti kwa sababu beki mwingine alimziba refa. Pointi tatu za Bukoba na za Dar zinaandikwa kwenye msimamo mmoja.

Halafu kuna hili la kudhani mashine ikiwepo tu basi haki imepatikana. Wote tunaikumbuka tarehe 5 Aprili 2024 pale Loftus Versfeld Pretoria. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns, kwa Mkapa ilikuwa 0-0 na kule ikawa 0-0, ndani ya kipindi cha pili Aziz Ki wa Yanga akaachia shuti likagonga mtambaa panya likadunda chini kwenye mstari likarudi uwanjani. VAR ilikuwepo siku ile. Wakaangalia, wakasema hakuna goli, Yanga wakatolewa kwa matuta 3-2. Mimi naamini lile lilikuwa goli na nitaamini hivyo mpaka kesho, lakini tuangalie kwanini VAR haikuweza kummalizia mtu yeyote ubishi. Sheria inasema mpira wote uwe umevuka mstari wote. Mpira una upana wa sentimita kama 22, mstari hautakiwi kuzidi sentimita 12, kwahiyo tunabishania nafasi ya vidole viwili vitatu, na ili uione hiyo nafasi unatakiwa uwe na kamera iliyokaa sawa sawa na mstari wa goli. Kamera ikiwa imekaa mshazari, hata kidogo tu, mpira ulioko hewani unaweza kuonekana umevuka wakati bado, na uliovuka ukaonekana haujavuka. VAR inaona kile kamera inachoona, haina macho mengine ya ziada.

Kuna teknolojia ya mstari wa goli, ile iliyokuja kwa nguvu baada ya shuti la Lampard wa England dhidi ya Ujerumani kule Bloemfontein 2010, dunia nzima iliona mpira umeingia ndani kabisa isipokuwa waamuzi. Hiyo inaweka kamera saba kila goli, kompyuta inapiga hesabu mpira uko wapi, na saa ya refa inatetema ndani ya sekunde moja. Kwenye Kombe la Dunia ilianza kutumika 2014. Nzuri sana, ila kamera 14 za kazi moja tu kwa uwanja mmoja ni gharama ambayo hata Pretoria siku ile haikuwepo. Na nayo imewahi kuzingua, Juni 2020 kwenye mechi ya Aston Villa na Sheffield United kipa alivuka na mpira mikononi mpaka ndani ya goli, saa ya refa haikutetema kwa sababu wachezaji na nguzo walizizuia kamera zote, wenye mtambo wakaomba radhi, mechi imebaki 0-0 kwenye vitabu mpaka leo.

Kwahiyo naomba muangalie kitu kingine ambacho FIFA wenyewe wamekitengeneza kwa ajili ya ligi kama yetu, kinaitwa FVS (Football Video Support). Najua wengine kwenu mnakijua vizuri kuliko mimi, naeleza kwa ajili ya wasomaji wenzangu. Hakuna chumba cha VAR. Hakuna refa wa pili anayekaa mbali anaangalia kila tukio. Kuna skrini pembeni ya uwanja, kuna mtu wa kurudisha picha, na kuna kamera chache, hata nne zinatosha kufanya kazi. Kocha mkuu akiona timu yake imeonewa kwenye goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, au kadi kupewa mchezaji ambaye siye, anazungusha kidole hewani na kumkabidhi kadi mwamuzi wa akiba, refa anasimamisha mchezo anaenda mwenyewe kwenye skrini anaangalia, anaamua. Kila timu ina maombi mawili kwa mechi. Ukiwa sahihi ombi lako linabaki, ukiwa umekosea limeondoka. Basi, ndo hivyo.

Walikijaribu Kombe la Dunia la wanawake U-20 kule Colombia 2024, mwaka huo huo wakakipeleka la U-17 Jamhuri ya Dominika, na msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia ilianza kukitumia pamoja na ligi kuu ya wanawake ya Hispania. Italia jamani, nchi yenye Kombe la Dunia mara nne, ligi yao ya daraja la tatu wameona VAR kamili ni mzigo wakachukua hii. Hakuna aibu yoyote sisi kuichukua.

Na mimi naona kwa mpira wetu ina faida moja ambayo VAR kamili haina. Sisi ugonjwa wetu mkubwa ni neno kubebwa. Kila timu inabebwa, kila refa ana mbeleko, kila kocha akipoteza anaanza na waamuzi kwenye mahojiano. Kwa FVS kocha anapewa silaha mkononi, mbili. Kama ile ilikuwa penalti ya wazi kama unavyosema mbele ya kamera za waandishi, kwanini hukuiomba? Kama umezichoma zote mbili kwenye dakika ya 20 kwa kubishania vitu vya hovyo, hilo ni lako. Benchi linalopiga kelele kwa kila kitu litalazimika kuchagua, na baada ya mechi maswali hayataishia kwa refa peke yake.

Kuna watu wataleta hoja kwamba itapoteza muda, kwamba makocha wataitumia kukata kasi ya mchezo dakika za mwisho. Ndiyo wapo watakaojaribu. Ila maombi ni mawili tu, na muda unaopotea unaongezwa, na ukilinganisha na yale tunayoyaona sasa hivi, wachezaji kumi wamemzunguka refa dakika nne, kipa amelala, shabiki amerusha chupa, mimi naona kwenda kwenye skrini ni kuokoa muda.

Pia niseme ukweli kuhusu kuotea maana hapa ndo watu watakuja kuvunjika moyo. FVS haina zile laini za kompyuta. Kamera ya kawaida ya matangazo tuseme inachukua picha 50 kwa sekunde, mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata, na beki akiwa anatoka kwenda mbele tofauti inakuwa karibu mara mbili. Kule Qatar 2022 waliweka kamera 12 za kufuatilia viungo vya kila mchezaji na kifaa ndani ya mpira kinachotoa taarifa mara 500 kwa sekunde ndo wakaweza kusema bega limezidi. Sisi hatutakuwa na hiyo. Kwahiyo kuotea kwa kidole cha mguu kutabaki kwa mshika kibendera kama ilivyo, na FVS itatusaidia kwa yale ya mtu kuwa nyuma ya beki hatua mbili nzima na bado goli linakubaliwa, na hayo nayo yapo mengi. Waambieni mashabiki hivyo tangu siku ya kwanza. Mtu akiahidiwa haki yote akapewa nusu anaona ameibiwa, akiambiwa nusu tangu mwanzo ataipokea.

Kinachonifanya nisisitize kamera ni hiki. Mechi nyingi za mikoani kamera kubwa imekaa katikati ya uwanja juu, kwahiyo tukio la kwenye kumi na nane, yaani boksi la penalti, unaliona kwa mshazari, na kamera ya chini nyuma ya goli inategemea mpiga picha siku hiyo kasimama wapi. Ombi langu ni kamera mbili za ziada zinazokaa usawa wa kumi na nane kila upande, na mbili ndogo zisizohitaji mtu zifungwe usawa wa mstari wa goli. Mkataba wa matangazo wa mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, hela hiyo imeibadilisha ligi yetu na hakuna anayebisha, mechi zinaoneshwa karibu zote, magari ya matangazo yanafika mpaka Ruangwa. Maana yake kazi ngumu ya kupeleka kamera mikoani tayari inafanyika kila wiki. Tunachoongeza ni kamera chache, skrini, mtu wa kurudisha picha na mafunzo. Kaeni na mwenye haki za matangazo, kaeni na mdhamini wa ligi, liwekeni hilo kwenye kanuni za msimu.

Umeme na ukaguzi wa mitambo msivisahau. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019 pale Radès, Espérance na Wydad, Wydad wakasawazisha goli likakataliwa kwa kuotea, wakadai VAR iangaliwe na VAR yenyewe haifanyi kazi, wakagoma kuendelea, mechi ikasimama zaidi ya saa nzima ikaishia hapo, kesi ikaenda mpaka mahakama ya michezo. Fainali ya Afrika hiyo. Kwahiyo kila uwanja uwe na betri na jenereta ya hiyo skrini peke yake isiyotegemea taa za uwanja, ipimwe asubuhi na ipimwe tena saa moja kabla ya mechi mbele ya makepteni wote wawili, na kamisaa atangaze kwenye spika kama siku hiyo inafanya kazi au haifanyi. Kama haifanyi watu wajue kabla mpira haujaanza, siyo dakika ya 60 wakiwa wamefunga goli.

Halafu lugha. Tarehe 30 Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alifunga goli halali kabisa dhidi ya Tottenham, mshika kibendera akasema kuotea, VAR wakaangalia wakaona siyo kuotea, mashine imefanya kazi yake vizuri, ila yule mwamuzi wa video alidhani uwanjani wametoa goli, akasema ukaguzi umekamilika, refa akaelewa kwamba uamuzi wa kuotea ni sahihi, mpira ukaanza. Sekunde chache baadae wakagundua na hawawezi kurudi nyuma. Sauti zao zilitolewa hadharani, ukizisikiliza unasikia mtu anavyochanganyikiwa. Hiyo ni England yenye hela zote zile. Kwahiyo waamuzi wetu wafundishwe kuongea kwa maneno kamili, goli limekataliwa kwa sababu hii, goli limekubaliwa kwa sababu hii, na wafanye hivyo kwa Kiswahili, lugha wanayofikiria nayo.

Na wakitoka kwenye skrini waseme kwenye kipaza sauti uwanja mzima usikie. Kombe la Dunia la wanawake 2023 marefa walikuwa wanatangaza wenyewe uamuzi uwanjani, kwenye raga watu wamezoea miaka mingi kumsikia refa anavyobishana na mwenzake wa video neno kwa neno. Hebu fikirieni refa pale Kaitaba anasema, baada ya kuangalia, mchezaji namba nne ameunawa mpira ndani ya boksi, uamuzi ni penalti. Sentensi moja tu. Mei 2025 pale Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane ya Morocco, goli la Mukwala wa Simba lilifutwa na VAR kwa kuotea na roho ziliuma nchi nzima, lakini kijiweni kwetu kesho yake watu walikuwa wanabishana mguu wa Mukwala ulikuwa wapi, hawakuwa wanabishana refa kala shilingi ngapi. Mimi huo ubishi wa kwanza nauweza, huu wa pili ndo unatumaliza.

Maana unawamaliza watu kweli. Nina shemeji yangu ni mwamuzi wa ngazi za chini, anachezesha ligi za mkoa, anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia na ana kazi nyingine ya kumlisha. Kuna goli alilikataa, alikuwa amesimama sehemu ambayo hakuona aliyegusa mpira mwisho. Jioni yake namba yake ya simu ikarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wakampigia usiku kucha, wakamtukania mama yake ambaye ni mtu mzima anaumwa presha, ikabidi abadilishe laini aliyokuwa nayo miaka. Aliniambia kilichomuuma zaidi siyo matusi, ni kwamba mtu alimtumia ile klipu na yeye mwenyewe akaona kabisa ni goli. Angeoneshwa pale pale angelitoa bila kusita na watu wangeenda nyumbani. Vijana wanaotaka kuwa waamuzi wanaona haya, na mabinti pia, halafu tunashangaa kwanini waamuzi wazuri ni wachache.

Hapa niongeze kitu kuhusu ligi ya wanawake na Championship, ile ligi ya chini ya ligi kuu. Hispania hiyo FVS wameipa ligi ya wanawake, siyo kama masazo, wameipa kwa sababu kule kamera ni chache na haki inahitajika vile vile. Mkianza na ligi kuu ya wanaume msiwafungie mlango hao wengine miaka kumi, hasa mechi za mchujo wa kupanda na kushuka ambapo penalti moja inabeba mishahara ya klabu nzima.

Kwahiyo nawaomba hivi. Jaribuni kwanza kwenye mashindano ya vijana bila presha, waamuzi na makocha wazoee, halafu Ngao ya Jamii watu waione, halafu ianze ligi ikiwa kwenye viwanja vyote kwa pamoja. Kama viwanja vyote haviwezekani kwa mara moja basi anzeni na mizunguko ya mwisho ambayo ndo inaamua bingwa na wanaoshuka, ila mechi zote za mzunguko huo ziwe nayo. Mwamuzi aliyeangalia skrini akaamua vibaya huyo mfungieni, tutawaunga mkono. Aliyekosea kwa sababu alizibwa na hakupewa cha kuangalia, msitangaze jina lake nchi nzima, mrudisheni darasani kimya kimya. Na kamati ya saa 72 ikitoa taarifa iweke na klipu ya tukio lenyewe na kifungu cha sheria kilichovunjwa, ili hata sisi mashabiki tujifunze hiyo sheria inasemaje, maana wengi wetu tunapiga kelele kwa sheria ya kunawa ya zamani.

Mwisho kuna suala la gharama ambalo najua ndo litakuwa jibu la kwanza. Tupeni hesabu. Semeni FVS kwa uwanja mmoja ni shilingi kadhaa, kwa msimu mzima ni shilingi kadhaa, mafunzo ni kiasi hiki, kilichopo ni kiasi hiki, kinachopungua ni hiki. Klabu zetu zinasajili wachezaji kwa mamia ya mamilioni, wadhamini wapo, wabunge wanaopenda mpira wapo, na sisi mashabiki tunalipa viingilio na visimbuzi kila mwezi, mkisema hadharani kinachopungua kuna watu watajitokeza. Mkikaa kimya tutaendelea kukisia na mtu akikisia anakisia mabaya.

Naomba jibu kabla kanuni za msimu ujao hazijachapishwa. Hata kama jibu ni hapana nitalipokea, ila iwe hapana yenye sababu na bei zake ndani.

Wenu,
Shabiki wa mpira, Mbeya